Muulize Shangazi: "Kila mtu anasema anaendelea vizuri"

*Shangazi, shikamoo. Naongoza kikundi cha kusaidiana cha watu wanaoacha pombe na dawa za kulevya. Tuko kumi na mmoja, tunakutana kila Alhamisi jioni, na mimi mwenyewe nina miaka minne tangu niache. Shida yangu ni kwamba watu hawasemi. Tunazunguka duara, kila mmoja anasema "naendelea vizuri, namshukuru Mungu," na baada ya dakika ishirini tumemaliza. Nimejaribu maswali, nimejaribu michezo ya kuchangamsha, nimeandaa hata mada. Mwanzoni haikuwa hivi. Mwezi wa tatu kijana mmoja alieleza kwamba amerudia, tukamshauri kwa upendo jioni nzima, ingawa baadaye hakuja tena. Tangu hapo ni ukimya tu. Mwezi uliopita nikaja kujua, nje kabisa ya kikundi, kwamba wawili wetu walikuwa wakitumia muda wote huo. Nifanye nini ili wafunguke?*
*Mwongozaji aliyechoka*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikapiga mstari chini ya maneno uliyoyapitisha haraka kama mtu anayepita na mzigo wa magendo: "tukamshauri kwa upendo jioni nzima, ingawa baadaye hakuja tena." Shida yako iko hapo. Watu wako si wagumu wa kusema. Waliona kilichompata aliyesema.

Irudie jioni ile kichwani. Kijana amekaa kwenye kiti chake, ametoa neno ambalo pengine alilibeba tangu alfajiri. Mmoja akamwambia abadilishe marafiki. Wa pili, abadilishe namba ya simu. Wa tatu akaanza "mimi nilipokuwa kama wewe." Wa nne akataka aombewe palepale. Wote walimpenda, silikatai. Lakini ukikaa wewe kwenye kile kiti, watu kumi wanaokushauri hawatofautiani sana na watu kumi wanaokuhukumu, maana wote wamesimama nawe umekaa. Na aliyekuwa pembeni na siri ya namna ileile akajifunza kwamba ukisema, unageuka kazi ya watu wote. Alhamisi iliyofuata akasema anaendelea vizuri. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo.

Tena nilishasema. Wanaonifuata katika ukurasa huu wanajua kwamba nilikunywa miaka kumi na tisa, mingi kati ya hiyo nikiwa fundi cherehani, chupa ikikaa ndani ya boksi la vipande vya vitambaa ambamo hakuna mteja angetia mkono. Nisichowahi kuandika ni habari ya makofi. Kikundi changu cha kwanza kilihesabu siku. Ukifika 30 unasimama, unapigiwa makofi. Ukifika 60, makofi. Ukifika 90, makofi na kukumbatiwa. Mimi siku ya 41 nilikunywa. Tena si glasi moja. Nilikunywa hadi nikashona mkono wa gauni la watu ukatazama nyuma. Siku ya 60 ikafika, jina langu likatajwa, nikasimama. Ningefanya nini, nao walishaanza kupiga? Tangu jioni ile sikuwa nadanganya tena kwa ajili ya pombe, nilikuwa nalinda yale makofi, na hilo ni gumu zaidi kuliacha kuliko chupa. Siku ya 90 walinikumbatia mmoja mmoja nami nimebana pumzi wasije wakanusa.

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja, dereva mstaafu, mwenye miaka saba bila kugusa kitu. Jioni moja zamu yake ilipofika alisema, "Mimi nimekunywa juzi Jumapili." Nikamkodolea macho mwongozaji, nikingoja mvua imnyeshee mzee wa watu. Mwongozaji akasema, "Asante kwa kutuambia. Umerudi, kaa nasi." Kisha akanyamaza, na sisi tukanyamaza. Ukimya ulikuwa mrefu hadi nikasikia saa ya ukutani. Halafu mzee mwenyewe akaendelea, akaeleza nyumba ilivyokuwa tupu baada ya wanawe kuondoka na jinsi alivyozunguka vyumbani akizima taa ambazo zilikuwa zimeshazimwa. Hakuna aliyemkatiza. Kikao kilipokwisha, mtu mmoja akamwuliza kama ana wa kutembea naye mpaka nyumbani. Basi, hayo tu.

Usiku ule sikulala, na wala haikuwa kwa huruma. Nilikuwa napiga hesabu: huyu amepoteza miaka saba mbele ya watu na kiti chake bado kipo, mimi nang'ang'ania siku 90 ambazo hata si zangu. Wiki iliyofuata nikasema.

Kwa hiyo weka kando michezo ya kuchangamsha, mwanangu. Angalia nusu dakika inayofuata mtu anapomaliza kusema jambo la kweli, maana pale ndipo wengine wote wanapoamua kama watasema au hawatasema. William Miller, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye tangu mwaka 1983 aliandika juu ya namna ya kuzungumza na wenye uraibu bila kuwasukuma, anaeleza kwamba mtu mwenye nia ya kusaidia akiona kilichopinda, mikono humwasha akinyooshe. Naye anayenyooshwa hupinda upande wa pili. Mpe mlevi sababu tano za kuacha, atakupa sita za kuonyesha kwamba hali yake si mbaya kiasi hicho, na kila anayoitaja inamwingia yeye mwenyewe.

Sasa kazi. Kabla ya Alhamisi ijayo mtafute yule kijana. Usimtumie mtu, nenda au piga simu mwenyewe, na usimwulize kama anatumia. Mwambie: "Siku ile ulisema kweli tukakufunika kwa ushauri. Tulikosea. Kiti chako kipo." Asiporudi, hilo ni lake. Halafu Alhamisi anza kikao kwa kulisema kosa hilo hilo mbele ya waliobaki, bila kutaja alichosema. Wanahitaji kusikia kwamba hata wewe uliliona.

Kisha wekeni makubaliano mapya, machache. Mtu akimaliza kusema, anaambiwa asante, kisha kimya. Mwenye maoni anaomba ruhusa kwanza: "Unataka tukujibu, au unataka tusikie tu?" Akisema msikie tu, imeisha. Na anayepewa ruhusa azungumze juu yake mwenyewe, "mimi ilinitokea hivi," asianze na "wewe inabidi." Ukimya wenyewe utakutisha mwanzoni. Mimi nilipoanza kuongoza nilikuwa nabana vidole chini ya meza nikihesabu hadi ishirini kabla ya kufungua mdomo, na mara nyingi mtu husema kwenye kumi na nane.

Zamu ya lazima iondoe. Duara likizunguka kama gurudumu, kila mtu anatumia dakika zake za kungoja kuandaa sentensi salama, wala hamsikii aliye kabla yake. Mwenye kutaka aanze, na anayesema "leo napita" aachwe apite bila kutazamwa mara mbili. Na maswali ya ndiyo au hapana yaache kwa polisi. "Wiki hii umetumia?" ni mlango wenye jibu moja tu la heshima. Uliza "saa ngapi wiki hii ilikuwa ngumu kuliko zote?" Hapo hata aliyetumia ana pa kuanzia bila kukiri kwanza, atakwambia Jumamosi saa nne usiku, na ukiwa na subira atakwambia na kilichofuata.

Halafu kuna wewe. Una miaka minne, hongera, lakini ni lini mara ya mwisho uliwaambia jambo lililokuumiza wiki hiyo hiyo? Waongozaji wengi tunashea hadithi ya zamani, ile iliyokwisha na kupigwa pasi, ya jinsi tulivyolala mtaroni. Hiyo haimfungui mtu. Inamwambia tu kwamba wewe umefika naye yuko nyuma.

Kumbuka hata Alcoholics Anonymous, kile chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, haikuanza kwa mtu kumshauri mwenzake. Mwezi wa Mei mwaka 1935 Bill Wilson, mmoja wa waanzilishi wake, alikuwa katika mji wa Akron, Marekani, shughuli iliyompeleka imeharibika, yuko hotelini na baa iko pale pale, naye ana miezi michache tu bila pombe. Akaanza kupiga simu kumtafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye, kwa sababu alijiogopa mwenyewe. Akapelekwa kwa daktari mmoja, Bob Smith, ambaye angekuja kuwa mwanzilishi mwenzake, naye akakubali kumpa robo saa. Walizungumza kwa muda wa saa sita. Wilson hakumhubiria, alieleza yake. Na sikiliza hili, ambalo watu hulisahau: baada ya kuacha, Dk. Bob alisafiri kwenda kwenye mkutano wa madaktari akanywa tena. Akarudi, akapokelewa. Mara yake ya mwisho kunywa inahesabiwa kuwa tarehe 10 Juni 1935, na hiyo ndiyo siku ambayo chama kinaihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwake. Yaani sherehe yao ya kila mwaka inafuata kuteleza kwa mwanzilishi. Kama wangemfukuza pale, kisingekuwepo cha kusherehekea.

Kwa hiyo wewe uwe wa kwanza, na iwe ya wiki hii. "Jana nimepita mahali nilipokuwa nikinunua, nikapunguza mwendo." Dakika mbili zinatosha. Usiwamwagie ndoa yako nzima, hawakuja kukutibu wewe.

Uwazi una mipaka yake, na mipaka hiyo iseme mapema, si siku mtu ameshafungua moyo. Yanayosemwa hapa yanabaki hapa, isipokuwa mtu akisema anataka kujiua au kuna mtoto yuko hatarini, hapo tutatafuta msaada, tena tukimwambia kwamba tunafanya hivyo. Kama wapo walioletwa na mahakama au mwajiri, waeleze wazi kwamba karatasi utakayotia sahihi inasema walihudhuria, haisemi walichosema. Bila hilo watakaa kama mashahidi. Na mtu anayeshea asieleze namna ya kutayarisha, alikonunua wala alivyojisikia dakika ile ya kwanza. Nimeona chumba kizima kikimeza mate kwa hadithi iliyoanza vizuri. Mkatize kwa upole: "Tuachie hapo, tuambie kilichotokea baadaye."

Mzungumzaji wa nusu saa huwa yupo kila kikundi. Weka dakika tano kwa wote, saa iwe mezani, asione umemlenga yeye.

Hao wawili uliowagundua usiwaumbue. Usitoe hata mfano wa mafumbo wakiwa wamekaa pale, watajua na wengine watajua kwamba wamejua. Zungumza na kila mmoja faraghani ukiwa na hofu ya kweli, kwa sababu ipo. Mtu aliyeacha heroini kwa muda, hata wiki chache, mwili wake umesahau kuihimili. Akirudia kipimo chake cha zamani pumzi inaweza kukatika, na akiwa amejificha chooni kwa kuwaogopa ninyi, hakuna wa kumkuta. Na kwa pombe ni kinyume: aliyekunywa sana kila siku kwa miaka akikata ghafla anaweza kupata degedege au kuweweseka, na hali hiyo inaweza kuua. Wa namna hiyo akifika kikaoni anatetemeka na kusema "nimeacha jana," msimpigie makofi, mpelekeni hospitali. Lakini mtajuaje kama sentensi pekee inayoruhusiwa ni "naendelea vizuri"?

Kuhesabu siku sikuambii uache, watu wengine zinawashika. Mimi ningepiga makofi kwa anayerudi pia. Niandikie baada ya Alhamisi nne, si baada ya moja. Ya kwanza itakuwa mbaya.

*Shikamoo Shangazi. Nilikuwa natumia heroini, sasa nakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, kila asubuhi kliniki, ni mwezi wa kumi na nne. Kwenye kikundi nimesikia wakisema anayetumia methadoni bado si msafi, amebadilisha tu. Sijawahi kusema. Kila wiki najisikia mwongo. Niseme au nihame?*

Marahaba. Kwanza, usipunguze wala usiache dawa ili ufanane na wenzako. Methadoni iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2005. Inakaa mwilini muda mrefu, inazuia arosto, yale mateso ya mwili uliokosa heroini, bila kukupandisha na kukuangusha, ndiyo maana unaweza kuamka, kufika kliniki, na kuniandikia barua yenye mpangilio mzuri kama hii. Dozi ni jambo lako na daktari wako. Mwenzako wa kiti cha jirani hana cheti cha kukupunguzia.

Kuhusu kusema, usianze na chumba kizima. Mchague mmoja, yule ambaye umeona akisikia jambo zito na halijarudi kukufikia kwa mdomo mwingine. Mwambie yeye. Kisha mweleze mwongozaji faraghani na umwulize wazi: mtu wa methadoni hapa anahesabiwaje? Akijibu kwamba unaruhusiwa kukaa lakini usishee, nakushauri utafute kikundi kingine, na uhame bila kujilaumu. Vikundi vinatofautiana sana kwa hili, vingine vitakupokea kama ulivyo. Akikuelewa, sema kikaoni kwa sentensi fupi, usijitetee. Ukianza kujitetea umeshawapa nafasi ya kupiga kura.

Nami nina ugomvi na neno "msafi." Najua watu wamelizoea na wengine linawatia nguvu. Lakini kila anapotajwa msafi, kuna mtu kwenye duara anajiona uchafu, na uchafu haufungui mdomo.

*Dada yangu mpendwa (sijui kama nimekuzidi umri, unisamehe). Mwanangu wa kiume ana miaka 26, anakwenda kikundini mara mbili kwa wiki. Akirudi namwuliza wamezungumza nini, ananijibu "mambo ya kawaida" na kuingia chumbani. Mimi ndiye niliyelipa madeni yake yote, nina haki ya kujua. Na kusema kweli, maongezi tu yanaweza kumponya mtu?*

Dada, tuanze na swali la pili kwa sababu ni jepesi. Mwaka 2020 watafiti wa mtandao wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti na kuzipima, walitazama tafiti 27 zenye watu zaidi ya elfu kumi juu ya Alcoholics Anonymous na tiba zinazomwelekeza mtu huko. Kwa upande wa kuacha pombe kabisa na kubaki umeacha, mipango iliyofuata mwongozo maalumu wa kumpeleka mtu kwenye vikundi hivyo ilifanya vizuri kuliko tiba nyingine zinazotambulika. Hiyo ni pombe, na haina maana kwamba kila mtu atapona. Lakini "maongezi tu" si neno la kulidharau.

Swali la kwanza ndilo linalouma. Ulilipa madeni, na haki ya kuuliza fedha zimekwenda wapi unayo. Haki ya kujua alichosema kikundini huna, wala mimi singekuwa nayo. Anasema kule kwa sababu wewe haupo kule. Pengine anasema juu yako. Pengine anasema siku aliyokuibia, na hawezi kuisema mara ya kwanza mbele ya aliyeibiwa. Ukimbana mlangoni atabeba hofu hiyo hadi kwenye duara, naye ataanza kuchuja kila neno akijua nyumbani kuna mtihani.

Badilisha swali. Akirudi mwambie, "Umefika, vizuri." Ukitaka kuuliza, uliza jambo lisilohusu ndani: je, alikwenda kwa miguu, je, wiki ijayo ni siku zilezile. Wiki nyingi zitapita bila kitu. Siku atakapokaa mwenyewe jikoni badala ya kuingia chumbani, nusu dakika ile niliyomwambia mwongozaji hapo juu itakuwa imekufikia wewe. Irudie kuisoma.

Na wewe, madeni yale ulimwambia nani? Nadhani hakuna. Mke wa Bill Wilson, Lois, alikuwa miongoni mwa walioanzisha Al-Anon mwaka 1951, vikundi vya ndugu na wenzi wa walevi, kwa sababu wake waliokuwa wakiwangoja waume zao nje ya mikutano walikuwa na yao ya kusema. Tafuta kikundi cha namna hiyo, kaa karibu na mlango siku ya kwanza kama unaogopa, na ukiulizwa unaendeleaje usiseme vizuri. Umri nimekuzidi wewe au umenizidi, tutajuana siku nyingine.